Mjadala: Watazamaji wa DCI wapewe haki ya kutoa alama, au majaji waachiwe kazi yao?

Kiti cha Juu (mwanzisha mada)

Wadau, mada hii imekuwa ikinong'onwa pembeni kwa miaka, leo tuiweke mezani.

Kwa mgeni: Drum Corps International, yaani DCI, ni chama cha Marekani kinachoendesha mashindano ya vikosi vya tarumbeta, ngoma na bendera. Vijana wanaoshiriki daraja la juu wana umri wa mwisho, miaka 21 kwenda 22. Uwanja ni wa mpira wa Kimarekani, onyesho ni dakika 11 hivi, na msimu unaanza mwishoni mwa Juni hadi wiki ya pili ya Agosti. Alama ni 100: athari ya jumla 40, muziki 30, macho (mwendo, maumbo na bendera) 30.

Hoja yangu ni hii. Katika zile 40 za athari ya jumla, 10 zipigwe na waliokata tiketi, kwa simu, ndani ya dakika mbili baada ya kikosi kutoka uwanjani. Karatasi ya jaji inamwelekeza apime mambo matatu: akili, hisia na uzuri. Hisia za nani? Jaji amekaa juu kwenye chumba cha waandishi, anaongea na kinasa sauti. Chini yake maelfu wamekunja mikono, yeye anatoa 19 na ushei kati ya 20. Kama onyesho halikumgusa aliyelipa nauli na kiingilio, basi hiyo athari ilimpata nani?

Mzee wa Buruji

Naunga mkono. DCI yenyewe ilianzishwa na viongozi wa vikosi waliochoshwa na kanuni za vyama vya maveterani, VFW na American Legion, vilivyokuwa vinaamua kikosi kipige nini na kipite vipi. Fainali ya kwanza ilikuwa Whitewater, Wisconsin, 1972, Anaheim Kingsmen wakachukua. Enzi hizo buruji (tarumbeta za vikosi) ni za sauti ya G tu, na alama ni za makato: kila kosa linalosikika au kuonekana linakula 0.1.

Makato yalifutwa baada ya msimu wa 1983. Kuanzia 1984 jaji anajenga kutoka chini kwenda juu kulingana na anachokiona. Wabunifu wakapata pumzi, sikatai. Lakini siku hiyohiyo jaji aliacha kuwa mhesabu makosa, akawa mhakiki. Mhakiki ana ladha yake. Jopo la kawaida ni watu wanane: wawili wa athari, watatu wa macho, watatu wa muziki. Ndiyo hao wanaoandikiwa maonyesho sasa.

Na msidharau hukumu ya umati. Pwani yetu vikundi vya Marini na Arinoti vilishindana kwa beni (ngoma ya kuiga bendi za kijeshi), na sare na tarumbeta na madaha yote, bila karatasi ya mtu. Mji mzima ulijua nani kashinda.

Karatasi

Mzee, shikamoo. Mji ulijua, lakini ulijua pia nani amemwaga fedha nyingi zaidi na nani ana ndugu wengi zaidi mtaani. Hapo ndipo kura ya simu itakapotufikisha.

Tuanze na mpangilio wa kuingia. Vikosi vinapangwa kwa matokeo ya nyuma, dhaifu kwanza, kinara mwisho. Viwanja vingi vya ziara havina paa. Wa kwanza anapiga jua la saa moja jioni likiwa machoni mwa watu, nusu ya viti vitupu, wauza soda wanapita. Kinara anapiga giza limeingia, taa zimewaka, watu wamejaa na wameshachangamka. Ukiwapa hao watu alama 10, kinara amepewa nyongeza kabla hajapuliza noti.

Halafu Allentown, Pennsylvania. Mashindano yale yanagawanywa usiku mbili, vikosi nusu Ijumaa na nusu Jumamosi. Majaji wanajitahidi kushika kipimo kimoja siku zote mbili. Umati wa Ijumaa na wa Jumamosi si mmoja, na hakuna njia ya kuusawazisha.

Na fainali ya Indianapolis, ndani ya Lucas Oil Stadium, angalieni nani wamekaa pale: wazazi, wahitimu wa vikosi, na vijana wa bendi za sekondari wanaotaka kujiunga mwakani. Kikosi chenye wahitimu wa miongo sita kinaanza na mtaji ambao kikosi kipya hakina.

Sasa hesabu. Mwaka 1996 Blue Devils na Phantom Regiment walimaliza sare, 97.4 kwa 97.4. Mwaka 2008 Phantom Regiment waliwapita Blue Devils kwa 0.025. Kura ya umati ikiyumba hata nusu alama kwa sababu ya mvua au foleni ya chooni, imefuta kila kitu majaji wa uwanjani walichokipima. Na hiyo 2008 Phantom walikuwa na "Spartacus", onyesho lililoufanya uwanja mzima usimame. Lilishinda bila kura ya simu hata moja, kwa sababu majaji nao wana masikio.

Kiti cha Juu

Mkuu, umechagua mfano unaokufaa. Chukua 1993. Star of Indiana walileta kazi za Samuel Barber na Béla Bartók: giza, ukimya mrefu, miili inayojipinda, hakuna wimbo wa kuondoka nao. Sehemu ya mashabiki walizomea, lakini alama zilikuwa juu msimu mzima. Walikosa ubingwa kwa 0.1 tu nyuma ya Cadets, kisha wakaaga DCI moja kwa moja.

Karatasi

Malizia hadithi basi. Watu walewale, kwa kazi ya aina ileile, wakaunda "Blast!", ikafunguliwa London 1999, ikaingia Broadway (kumbi za maigizo za New York) 2001 na kupata tuzo ya Tony mwaka huohuo. Watazamaji wa kulipa, wengi wao hawajui DCI ni nini. Ile lugha iliyozomewa uwanjani ilinunuliwa tiketi ukumbini. Kwa hiyo sijui 1993 inathibitisha kwamba umati hautaki sanaa, au inathibitisha kwamba mtu wa kiti cha mita 60 kutoka kwa mchezaji hakuona alichoonyeshwa.

Mitambo

Karatasi kagusa penyewe bila kukusudia. Mnagombana juu ya nani apige kura, wakati makofi yanazimwa na vitu vinavyoshikika kabisa. Nitaeleza upande wa sauti, ndio naoujua.

Kwanza, makofi yanahitaji mahali pa kuingia. Zamani kipande kiliisha: mlio mkubwa, mkato, kimya, watu wanapiga kelele, ngoma zinaanza tena. Tangu ala za umeme ziruhusiwe (vipaza sauti 2004, sinthesaiza, yaani kinanda cha umeme, 2009), mshono kati ya vipande unafunikwa na noti ndefu ya sinthesaiza chini, na juu yake sauti ya mtu anasoma maneno. Mtazamaji anainua mikono, anasikia kitu kinaendelea, anaishusha. Hana ubishi na sanaa. Ana adabu tu, hataki kuharibu. Mbunifu akiona uwanja kimya anadhani anahitaji mlio mkubwa zaidi, anaongeza besi, tatizo linakua.

Dawa yake haihitaji kubadili hata noti moja ya tarumbeta. Baada ya kila kilele, kata sinthesaiza pamoja na pembe (tarumbeta, tuba na wenzao), acha sekunde mbili hadi tatu tupu, kisha ingiza ngoma. Katika dakika 11 vilele vya kweli ni vinne au vitano. Ukitoa sekunde 3 kwa kila kimoja umetumia sekunde 15 tu. Kilele cha kwanza kisichelewe kupita dakika moja, maana mtazamaji ambaye hajapiga makofi hadi dakika ya tatu huwa amejiambia kwamba hili ni la kutazama kwa utulivu, na atakaa hivyo hadi mwisho.

Pili, spika. Zinakaa mbele kabisa ya uwanja, na zile kubwa za besi huwekwa karibu na mistari ya yadi 30 au 35 kila upande. Aliyenunua viti vya chini katikati anapata spika na marimba. Tuba zilizo nyuma yadi 30 hazimfikii. Mhandisi naye anasawazisha kutoka juu, karibu na majaji, ambako vyote vinachanganyika vizuri. Kwa hiyo tiketi ya chini na karatasi ya jaji zinahukumu muziki tofauti. Ukiuliza kwa nini mzazi wa safu ya tano anasema "sikusikia tarumbeta" na jaji anaandika sifa, wote wawili wanasema kweli.

Tatu, muda. Sauti inakwenda takribani mita 343 kwa sekunde. Kutoka mstari wa nyuma hadi wa mbele ni mita 49 hivi, yaani sekunde 0.14. Kwa mwendo wa mapigo 180 kwa dakika, pigo moja ni sekunde 0.33; ucheleweshaji huo ni zaidi ya theluthi ya pigo. Ndiyo maana safu ya mbele (marimba, vibrafoni, sinthesaiza) haimfuati kiongozi kwa macho, inasikiliza ngoma za nyuma na kupiga juu ya sauti inapowafikia. Sasa mweke mpiga solo mita 30 nyuma akiwa na kipaza sauti cha mkononi. Sauti yake inapitia waya, inatoka spikani papo hapo, na kikosi kilichosimama naye kinafika sekunde 0.09 baadaye. Umati hausemi "amewahi", unasema "haikunigusa". Ama umlete mbele karibu na spika, ama uweke ucheleweshaji wa milisekunde 80 hadi 90 kwenye kipaza sauti chake peke yake, na uufute akihama. Vikosi vingi husahau hiyo ya pili.

Bluecoats 2014, onyesho "Tilt": mwishoni umeme na pembe vilipinda sauti kwa pamoja, kama kanda inayochezewa. Ugeni mtupu, sanaa kamili, na watu walirukaruka. Kwa nini? Sinthesaiza haikufunika mshono pale, ndiyo ilikuwa tukio lenyewe, na kila mtu aliye uwanjani alijua ni wapi pa kupigia kelele.

Mzee wa Buruji

Hapo umenena, Mitambo. Ila ongezea: G za zamani hazikuhitaji spika. Tangu 2000 ala ya ufunguo wowote ruksa, tangu 2014 hata tromboni. Ala zimekuwa safi zaidi na za kupoa zaidi.

Mitambo

Mzee, hazijapoa. Wapulizaji ni zaidi ya 70 sasa na kikosi kizima kinaruhusiwa watu 165. Ilikuwa 128 zamani. Mlio upo. Unamiminwa nyuma na pembeni kwa sababu mchezaji anapuliza huku anacheza dansi. Geuza pembe zote mbele, wote wasimame sekunde nane, utazipata hizo G zako.

Bendera

Naomba nami niseme la macho, maana linachukuliwa kama pambo.

Hesabu ni hii. Hatua ya kawaida ni nane kwa yadi tano, sentimita 57. Kwa mapigo 180 mtu anakwenda mita 1.7 kila sekunde huku anapuliza. Zamani wote 128 walichora umbo moja: mstari mmoja kuvuka uwanja, unakuja mbele na mlio mkubwa. Mtazamaji hana pa kukosea, jicho lina kitu kimoja. Leo kuna makundi matatu ya dansi, vifaa vya jukwaani, mpanda ngazi, na bendera zinabadilishwa nyuma ya pazia. Jaji wa athari anakaa juu, na hadi Agosti ameshaliona onyesho hilo mara kadhaa, anajua atazame wapi. Mtazamaji analiona mara moja. Kama mlio mkubwa unatokea upande wa kulia na yeye anamwangalia mpanda ngazi kushoto, kwake kilele hakikutokea.

Kanuni ya kazi tunayoitumia ni rahisi kuisema na ngumu kuitii: mapigo 8 kabla ya kilele, punguza mwendo wa kila mtu asiyehusika. Wasigande kabisa, wapunguze. Bendera zenye rangi nyepesi ziinuliwe mahali kilele kitakapotokea, hapo tu. Rusha silaha (bunduki na panga za maonyesho) au bendera kwenye pigo la kwanza la kilele, si mapigo mawili baadaye, kwa sababu makofi ya kurusha na makofi ya mlio yakiachana kila moja yanakuwa nusu. Kinachoharibika mara nyingi ni vifaa. Jukwaa la magurudumu linachelewa sekunde nne kwenye nyasi zenye mvua, watu wanne wanaacha kupuliza ili walisukume, na mlio unapungua palepale ulipotakiwa kukua. Sukuma kwa watu wa bendera, na lifike mapigo 16 mapema.

Bluecoats 2016, "Down Side Up", walijaza uwanja miinuko ya kuteleza. Vifaa vikubwa mno, lakini kila mmoja alielewa kwa jicho moja: mtu anapanda, anateleza. Ubingwa wao wa kwanza, na kwenye viti vya watazamaji raha tupu. Blue Devils 2014, "Felliniesque", walivunja rekodi kwa 99.65, na hadi leo watu wanabishana kama waliipenda au waliiheshimu. Mimi naiona kazi kubwa. Lakini ukilitazama mara moja tu, unaondoka na nusu yake.

Mtunza Hazina

Wote mnazungumza kana kwamba kiingilio cha mlangoni ndicho kinacholisha vikosi. Vikosi hivi ni mashirika yasiyo ya faida. Kijana analipa ada ya maelfu ya dola kwa msimu mmoja. Kuna wafadhili, kuna kamari ya bingo kwa wengine, kuna mauzo ya sare na kanda. Mgawo wa tiketi upo lakini hauendeshi mabasi. Alama inaleta vijana bora, vijana wanaleta ada, na wabunifu wenye alama wanauza michoro yao kwa bendi za sekondari. Mbunifu ana kila sababu ya kumwandikia jaji, na hilo halitabadilika kwa kumtukana.

Na fedha zenyewe ni kamba nyembamba. Santa Clara Vanguard, mabingwa wa 2018, hawakwenda ziara 2023. Cadets, kikosi cha tangu 1934, kilifunga mlango 2024. Msije mkapendekeza kitu kinachohitaji programu mpya ya simu, seva na walinzi wa kura kwa kila mji, hakuna wa kulipia.

Kiti cha Juu

Sawa, kura ya simu naiondoa. Karatasi kanishinda kwa mpangilio wa kuingia, na Mtunza Hazina kwa bei. Lakini Mitambo na Bendera wamenipa kitu bora. Tofauti kati ya jaji na mnunua tiketi ni mbili: kiti, na idadi ya mara za kuona. Basi tubadilishe hizo mbili. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kati ya majaji wawili wa athari ya jumla, mmoja akae viti vya chini, safu ya 10 hadi ya 15, kwenye yadi 40, na awe mtu ambaye hajaona onyesho lolote msimu ule. Alama zake 20 zibaki vilevile. Karatasi ileile.

Karatasi

Kiti cha chini nakubali kesho. Hakigharimu kitu na majaji wa uwanjani tayari wapo chini kabisa nyasini, si ajabu. Ila athari za macho atazikosa: kutoka safu ya 10 michoro ya uwanjani inalala, mduara unaonekana mstari. Bendera, utakubali mchoro wako uhukumiwe na asiyeuona?

Bendera

Nitakubali kama tiketi ya safu ya 10 inauzwa ghali. Mwenye tiketi hiyo naye hauoni. Itanilazimisha kuweka vitu vinavyosimama wima mbele, na labda niache miduara ya nyuma ambayo naijua mimi na jaji tu.

Mzee wa Buruji

Mimi bado nataka umati. Lakini jaji wa safu ya 10 atakuwa na wazazi wakipiga kelele sikioni mwake. Nitapokea hilo kama malipo ya awali.

Karatasi

Kigumu ni "hajaona". Jaji anayefaa fainali lazima awe amehukumu Julai, San Antonio, Allentown, ili kipimo chake kilingane na wenzake. Asiyeona chochote hadi Agosti hana kipimo: kikosi cha kwanza kwake atakipa 17, kitakachofuata kikiwa bora kidogo 18, akifika wa kumi na mbili nafasi imekwisha. Kwenye fainali kila karatasi ya athari ina majaji wawili na wastani huchukuliwa, kwa hiyo madhara yatapungua, hayataisha.

Mitambo

Basi usianze na fainali. Anzia mashindano ya mikoa ya katikati ya Julai, yenye vikosi vitano au sita. Mpe kanda za miaka iliyopita zenye alama zake azisikilize kabla, apate kipimo bila kuona maonyesho ya mwaka huu. Alama zake zisomwe lakini zisijumlishwe, msimu mmoja. Tuone kama anatofautiana na mwenzake wa juu kwa 0.2 au kwa alama nzima. Ikiwa ni 0.2, tumegombana bure.

Karatasi

Na kinasa sauti chake wapewe wabunifu usiku uleule, pamoja na cha jaji wa juu, dakika kwa dakika. Hapo naafiki. Nani atakaa kwenye kile kiti, hilo ndilo litatugombanisha sasa.